Pasi ya Mkaa na Doa la Zambarau

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuanzia harufu yake. Harufu ya mkaa uliolowa. Mvua ya Njombe unaijua, haina kelele, inakaa tu juu ya watu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya chumba cha dobi napuliza pasi, macho yamejaa moshi, na upande wa pili wa ukuta mama yangu mzazi anakohoa kwenye wodi ya wanawake. Akikohoa, napuliza. Akinyamaza, nasimamisha pumzi nisikilize kama bado yupo.

Sogeeni motoni. Babu yenu mwacheni pale kwenye kona, anajifanya amelala. Macho yake yanalala, masikio sijawahi kuyaona yamelala tangu nimfahamu.

Mimi shule sikuiona hata kwa mlango. Nilikuwa msichana wa dobi kwenye hospitali ya misheni, jina lake liacheni. Napiga pasi mashuka, magauni ya manesi, na vitambaa vya kichwani vya masista. Pasi yenyewe ya mkaa, ile nzito yenye kijogoo mbele cha kufungia kifuniko. Ukikosea kidogo unachoma shuka la misheni, halafu unaitwa ofisini kueleza.

Sasa mtu wa pasi anaingiaje maabara? Umeme ndio ulioniingiza. Wakati ule ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa inawashwa mtu akipasuliwa tu. Maabara walikuwa na kazi moja inayotaka joto la taratibu lisilo na ndimi za moto. Walijaribu jiko la mafuta ya taa, likawapasulia vioo. Ndipo siku moja Sista Gaudensia akapita dirishani kwangu, akasimama.

Huyu Sista alikuwa mkuu wa maabara, mtu wa Mdandu, Mbena mwenzetu, mzee tayari, anatembea ameshika kiuno. Aliongea kama anayesali rozari. Neno, anapumzika. Neno, anapumzika. Ngoja nimuigize, na salamu yake ya Kibena: "Filomena. Kamwene. Hiyo pasi. Inaweza. Kukaa juu ya kitu. Bila kukigusa?"

Nikamwambia, "Sista, inaweza, ila mkono utauma."

"Mkono. Utazoea."

Na kweli ulizoea. Ndani ya maabara kulikuwa na kijana anaitwa Deo, ametoka chuoni juzi tu, mrefu kama mlingoti wa simu, koti jeupe amelifunga vifungo mpaka kooni kama padri. Huyo alikuwa kinyume cha Sista. Maneno yake yalikuwa yanakanyagana mlangoni: "Dadafilo dadafilo, pasi jamani, njoo njoo, kioo kinakauka, usidondoshe majivu lakini, njoo!" Niliwahi kumwuliza kama mama yake alimzaa huku anakimbia. Akasema hilo si swali la maabara.

Nikuambieni kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyompata mama. Walikuwa wanapima dawa, kama ni dawa kweli au ni kitu cha kuwaibia watu. Wanachukua kioo kidogo kilichopakwa unga mweupe, laini, kama ukuta uliopigwa chokaa. Chini wanachora mstari kwa penseli, mkono mwepesi sana. Juu ya mstari wanadondosha tone la dawa wanayoijua kuwa nzuri, na pembeni yake tone la ile wanayoishuku. Wanakisimamisha kioo ndani ya chupa yenye majimaji kidogo chini, wanafunika. Yale majimaji yanapanda yenyewe, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, na yakipanda yanabeba dawa. Kila dawa ina mahali pake pa kuchoka. Nyingine inachoka mapema, nyingine inafika juu. Kama yako ni sawa na ile nzuri, zitachoka mahali pamoja.

Ila ukikitoa kioo, huoni kitu! Cheupe kama kilivyoingia. Mara ya kwanza nikacheka, nikawaambia, "Mmenitia moto wa bure, hapa hapana kitu."

Sista akaniangalia. "Hapana kitu. Au. Hujakiita?"

Maana kulikuwa na dawa za kuita. Chupa zimejipanga kabatini, na kila moja ina ukoo wake. Kulikuwa na ayodini, vipande vyeusi vinavyotoa moshi wa kahawia. Unakifungia kioo humo pamoja na ule moshi, madoa yanatokea. Ayodini ni kama mama muuza viazi mnadani, anaita karibu kila mtu: "Njoo mteja, njoo baba, njoo dada!" Lakini wanaokuja hawakai. Ukikiweka kioo mezani, doa linafifia huku unaliangalia, ndiyo maana Sista alitufundisha kulizungushia penseli haraka. Kulikuwa na pamanganeti, ile ya kuoshea mboga. Hiyo inakifanya kioo chote zambarau, na dawa inajitokeza njano. Halafu kulikuwa na moja Deo aliita ninhidrini, anaitamka huku amenyanyua kidevu. Mimi niliiita dawa ya zambarau, na Sista akasema jina langu linatosha. Hii haiiti kila mtu. Inaita ukoo wake tu, na ndani ya ukoo huo zimo dawa za kichomi. Unaipuliza juu ya kioo, huoni kitu. Mpaka upitishe joto. Hapo ndipo nilipokuwa natakiwa. Napuliza majivu yote nje kwanza, nafunga kijogoo, naishikilia pasi juu ya kioo bila kugusa, na pale palipokuwa peupe panaanza kuona haya. Pinki kidogo, halafu zambarau kabisa. Mwanangu, nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini kile kitu kutokea hivyo mahali palipokuwa peupe sikuwahi kukizoea.

Basi. Mama akaugua kichomi. Tulimshusha kutoka kijijini kwenye machela, anapumua kama mvukuto wa mhunzi. Na dawa wodini imekwisha, gari la dawa limekwama na mvua. Daktari akasema mwenye uwezo atafute nje. Baba mdogo wangu akapanda lori la mbao mpaka Makambako, kwa Mzee Salumu.

Mzee Salumu mlimjua wengine. Muuza duka, mtu wa swala tano, aliyekuja Makambako kutoka mbali enzi za ujenzi wa reli akabaki. Alikuwa anaongea kama anakufunika blanketi: "Kaka yangu, mgonjwa wako ni mgonjwa wangu. Chukua hizi, wallahi hata mjukuu wangu jana nimempa hizi hizi. Mwambie mama anywe na uji, na mimi namwombea." Baba mdogo akarudi na kopo la vidonge vya ganda, nusu vyekundu nusu vyeusi, vizuri kama shanga.

Mama akameza. Kesho akameza. Homa ikabaki pale pale, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Asubuhi ile ya mkaa uliolowa, daktari akaja na kuniita pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, akayatoa kama mtu anayetoa miiba. "Filomena, lori linakwenda Makete, litapita Ikonda. Hospitali ya Ikonda dawa ipo. Lakini barabara unaijua. Mama yako kwenye lori, kwa mvua hii, kwa kifua hiki, anaweza asifike. Kama vidonge vile ni vya kweli, abaki, apumzike, tuvipe muda. Kama si vya kweli, aondoke sasa hivi. Dereva nimemwambia asubiri kidogo. Nenda maabara."

Mnaona mambo? Akibaki na dawa isiyo dawa, anakufa kitandani. Akiondoka wakati dawa ni nzuri, namwua njiani kwa ujinga. Na anayejua ni kile kioo.

Nikabeba pasi, nikakimbia. Sista hakuwepo, alikuwa kanisani kwenye misa ya maziko. Deo ndiyo kwanza anaingia, ananing'iniza koti, suruali imelowa maji ya nyasi mpaka magotini. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mwanzi. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anapita kwenye mianzi ya baba yake kugema. Mnajua ilivyo, unakata ncha ya mwanzi mchanga, unatega mbeta yako, kile kikopo cha mwanzi, ikinge, na ile damu ya mwanzi inakushika mikononi, tamu, inanata. Alishaifuta kwenye suruali. Kwa wanaume wa kwetu, kuifuta kwenye suruali ndiko kunawa.

"Dadafilo usilie, usilie, nipe hicho kidonge, tunapima sasa hivi, kipimo ni kipimo!"

Akafungua ganda, akakoroga unga, akaweka tone la dawa nzuri. Sista alikuwa na punje chache za dawa ya kweli amezifungia kabatini kwa kulinganishia, kiasi ambacho hata kuku asingepona nacho. Pembeni akaweka tone letu. Kulikuwa na desturi ya kuweka tone la tatu, la maji ya kukorogea tu, lisilo na dawa yoyote. Nikamwona anataka kulitafuta. Nikasema, "Deo, hilo la nini? Weka la mama, tuondoke." Nje dereva, Mkinga mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, anapiga kelele: "Hospitali! Mimi si jiwe la kaburi, siwezi kukaa hapa milele! Kilima kikilowa zaidi hatutoki!"

Deo akaliacha lile la tatu.

Tukangoja majimaji yapande. Kungoja kule msiniulize. Akakitoa, akakipepea kikauke, akakishika huku na huku, akapuliza dawa ya zambarau. Nikaleta pasi. Upande wa dawa nzuri pakaiva, doa safi, la mviringo. Na upande wetu pakaanza pinki. Pakaiva. Zambarau!

"Ipo!" nikapiga kelele. "Dawa ipo!" Deo naye anaruka, "Si nilikwambia, si nilikwambia, kipimo ni kipimo!" Nikatoka na vigelegele koridoni, nikapita wodini nikamshika mama miguu, nikamwambia utapona, nikatoka mpaka nje nikamwambia dereva aende zake, Mungu amjalie. Akasema, "Na wewe akujalie akili ya kunijulisha mapema." Akainama kufunga minyororo ya matairi.

Nikarudi maabara kuchukua pasi. Nikamkuta Sista Gaudensia amesimama dirishani, bado ana harufu ya ubani, amekinyanyua kile kioo kwenye mwanga. Hakugeuka.

"Filomena. Nimesikia. Vigelegele. Mpaka makaburini."

"Sista, dawa ipo!"

"Hili doa. La dawa nzuri. Ni la mviringo?"

"Ndiyo, Sista."

"Na hili lenu. Mbona limelala ubavu? Mbona lina mistari?"

Nikasogea. Kweli lilikuwa kubwa kuliko la mwenzake, limeinama upande, na ndani yake kulikuwa na vimistari vyembamba vinazunguka, kama shamba la matuta ukiliona kutoka mlimani. Deo akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia amenyamaza, nikadhani ameondoka.

"Deogratias. Mahali patupu. Pako wapi?"

Deo akafuta mikono tena kwenye suruali.

"Nimewauliza. Sehemu ambayo hamkuweka kitu. Iko wapi?"

Mimi nikajitia kimbelembele. "Sista, mahali pasipo na kitu pa kazi gani? Si tunatafuta mahali penye kitu?"

Ndipo akageuka, na maneno yake sijui kama nitayaigiza vizuri, maana hakuyasema kwa ukali. Ningependa angefoka. "Mwanangu. Umemshukuru Mungu. Kwa sauti kubwa sana. Kabla hujamwuliza. Kama ni yeye." Akakiweka kioo chini. "Kimbia. Mwambie dereva asiondoke."

Nilikimbia, mwanangu! Kanga moja ilibaki mlangoni. Nikamkuta dereva anaingia kwenye kiti, nikasimama mbele ya lori, nikapanua mikono. Alichosema siwezi kukirudia mbele ya watoto. Ila alizima injini.

Niliporudi Sista alikuwa ameshanawa mpaka kwenye viwiko, na Deo amenawishwa kama mtoto wa komunio ya kwanza. Sista akachukua kioo kipya, akakishika kwa kingo, kama unavyoshika picha ya mtu unayemheshimu. Akaweka dawa nzuri. Akaweka yetu. Akaweka tone tupu. Halafu akachukua kipande kingine kidogo cha kioo, akamwambia Deo, "Ulikishika kile kioo kwa mkono gani?" Deo akanyanyua wa kulia. "Futa kwanza kwenye ile suruali yako. Haya. Bonyeza hapa. Kidole gumba." Deo akabonyeza. Huoni kitu. Cheupe.

Kioo chetu kikaingia kwenye chupa, tukangoja tena. Kikatoka, kikakauka, vyote viwili vikapuliziwa. Nikapitisha pasi juu ya kioo kikubwa. Dawa nzuri, zambarau. Yetu. Nikaikazia macho. Nikasogeza pasi karibu zaidi mpaka Sista akanigusa mkono. Nyeupe. Na pale patupu, peupe vile vile. Yetu na pale patupu vilikuwa mapacha.

Kisha nikapitisha pasi juu ya kile kipande. Kidole cha Deo kikachomoza. Zambarau ya kiaskofu, na mistari yake yote, na kovu dogo la kisu cha kugemea.

Sista akakinyanyua kwenye mwanga. "Filomena. Uliyemshangilia. Ni kidole cha Deo."

Akatueleza pale pale. Ile dawa ya zambarau inaita ukoo wake, na kwenye ukoo huo yumo jasho la binadamu, na yamo maji ya mwanzi mchanga. Haijui kama wewe unataka mama yako apone. Umeita, waliomo wameitika. Kazi ya kujua nani ameitika ni yako.

Na hata hapo hakusema haraka kuwa vidonge ni vitupu. Deo ndiye aliyesema, "Basi hamna kitu!" Sista akasema, "Hamna kitu. Cha ukoo huu. Tuulize tena." Akamwaga unga wa kidonge kwenye kisahani, akadondosha ayodini ya maji. Ukawa mweusi, bluu nyeusi, kama wino. "Unga wa muhogo au wa mahindi. Hata dawa nzuri huchanganywa na unga kidogo, kwa hiyo huu peke yake usingemfunga mtu. Lakini unga upo na dawa haipo." Akavua miwani. "Mpakieni mama."

Tukampakia. Daktari akamfunga mablanketi, baba mdogo akashika turubai juu yake, mimi nikampakata kichwa, na pasi yangu nikaiweka miguuni pake ina mkaa ndani, imefungwa kwenye gunia, imtie joto. Deo alikuja mbio na kanga yangu niliyoiacha mlangoni. Akasema, "Dada Filo." Taratibu. Maneno mawili tu, hayakukanyagana. Nikaipokea, nikamfunika nayo mama.

Barabara ilitufanya ilivyotaka. Mahali pengine dereva alituteremsha wenye miguu tusukume, na yeye mwenyewe alisukuma, huku anatutukana wote mpaka na mvua. Mahali fulani mama aliacha kukohoa na nikaweka sikio kifuani. Kilikuwa bado kinafanya kazi. Ikonda tulifika, akachomwa sindano za kweli, na siku moja akafungua macho akaulizia ugali.

Aliishi, mwanangu. Aliishi mpaka akawabeba mama zenu mgongoni.

Mzee Salumu alipopelekewa habari hakungoja aitwe. Alikuja hospitali mwenyewe na makopo yote yaliyobaki dukani, amevaa kanzu imejaa tope, akayaweka mezani kwa Sista. Blanketi lake la maneno lilikuwa limemdondoka. "Astaghfirullah. Sista, mimi hata mjukuu wangu nimempa." Mjukuu alikuwa amepona mwenyewe mafua yake, na babu akadhani dawa ndiyo iliyofanya kazi. Akawataja waliomletea, nao wakatafutwa, hayo mengine ni ya polisi. Ila nilijifunza hapo kwamba mtu anaweza kukupa uongo kwa moyo mweupe kabisa, na anakuombea juu yake. Wema wa Mzee Salumu ulikuwa wa kweli. Vidonge ndivyo havikuwa vya kweli. Hivyo ni vitu viwili, msivipime kwa chupa moja.

Na Deo? Deo alikuja Ikonda kwa miguu na magari ya kudandia, akasimama mlangoni pa wodi na mfuko wa viazi. Mama yangu, bado hawezi kukaa, akamwangalia kuanzia viatu. Akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Ndiyo huyu mwenye kidole? Lete nikione." Akakishika, akakigeuza. "Kidole chenyewe chembamba hivi. Nilidhani kilichotaka kuniua ni kitu cha maana." Wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka mpaka akalia.

Kidole hicho hicho, mwanangu, ndicho kilichonivalisha pete kanisani. Sista Gaudensia alikuwepo, akamwambia kabla ya misa, "Deogratias. Umenawa?"

Mnaona amefungua jicho pale kwenye kona! Nilijua tu. Semeni shikamoo kwa babu yenu mwenye kidole.

"Marahaba. Ila bibi yenu hasemi yote," anasema. "Hasemi kuwa aliniambia niharakishe."

Nimelisema! Ulikuwa umelala. Nimelisema, na nitalisema tena, maana ndilo ninalotaka mwondoke nalo.

Siku hizi mnaleta habari hapa kila siku. Huyu simu yake imemwambia majani fulani yanaponya sukari. Yule kaambiwa na mchumba wa Makambako kwamba hana mke mwingine, ameapa, ameita na mashahidi. Mwingine kaona jirani anainama shambani kwake, tayari ni mchawi. Nawasikia mnavyosema: "Bibi, nimeona kwa macho yangu!" Hata mimi niliona kwa macho yangu. Nilipiga na vigelegele. Kumbe nililokuwa naona ni jasho la huyu mzee.

Kwa hiyo sikilizeni. Usiseme mahali hapana kitu kwa sababu wewe huoni kitu. Labda hujakiita kwa jina lake. Mtoto anayenyamaza, mume asiyelalamika, mwili usiouma, hivyo ni vioo vyeupe, vipitishieni joto kidogo kabla ya kuvitupa. Na ukikiona kitu, kizungushie penseli hapo hapo, maana kesho kitakuwa kimefifia na utaanza kujiambia hukukiona. Lakini kubwa kuliko yote ni lile tone la tatu. Jibu unalolililia likija, hapo ndipo unawe mikono. Jiulize, je, pale ambapo sikuweka kitu, pangesemaje? Yule mchumba akikuapia, muulize jambo ambalo unajua jibu lake, uone kama ataapa hivyo hivyo. Yale majani, muone na yule ambaye hakuyanywa, yeye anaendeleaje. Kama patupu napo panageuka zambarau, basi hicho unachoshangilia ni kidole chako mwenyewe. Na wala usione aibu kumsimamisha dereva. Atakutukana, halafu atazima injini.

Haya, moto unaisha na babu yenu ameanza kukoroma kwa kweli sasa. Inameni niwawekee mkono. Mungu wa mama yangu, aliyemvusha kwenye tope lile, awavushe na ninyi. Awape macho ya kungoja na mikono isiyonata. Awape mtu wa kuwauliza mahali patupu pako wapi, na amjalie mtu huyo awahi kabla lori halijaondoka. Na siku mtakayopiga vigelegele, viwe vya kweli, visikike mpaka makaburini, Sista Gaudensia ageuke huko alikolala aseme, taratibu kama kawaida yake: "Hapo. Sasa. Sawa."